Wenyeji wa Kidimbwi

Kristina Alute alijua kufinyanga mtungi usiovuja. Wanawake wengi wa upande wa Mgori walijua kufinyanga, lakini wachache walijua kutengeneza mtungi ambao ukiujaza maji asubuhi, jioni unaukuta umetoka jasho kidogo tu kwa nje, maji yamepoa na hakuna tone lililopotea. Mitungi ya wifi yake, Martha, ilikuwa habari nyingine. Martha alikuwa na mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Vyombo vyake vilipasuka katika moto, vilipasuka njiani kwenda mnadani, na vingine, Kristina alipenda kusema, vilipasuka kwa kutazamwa.

"Wifi yangu, mtungi wako ukisikia mtu amekohoa unapata ufa."

"Na wako," Martha alijibu, "mwenyewe akichoka nao itabidi aite katapila livunje."

Walitaniana hivyo kwa miaka ishirini na zaidi, tangu Kristina alipoolewa na Paulo, kaka yake Martha. Paulo alikwisha kufa. Mtoto wao Petro alikuwa Itigi, anafanya kazi ya reli, na huandika barua mara moja kwa mwaka. Wanawake wawili wakabaki na udongo.

Udongo wenyewe ulitoka Kidimbwi. Palikuwa bonde dogo, mtu anaweza kulizunguka kabla uji haujapoa. Miezi ya mvua lilijaa maji ya rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa majivu. Kiangazi lilikauka, ardhi yake ikapasuka kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Chini ya ule mpasuko, kina cha mkono mmoja mpaka kiwiko, ndipo ulipolala udongo mweusi, laini, usio na mchanga hata chembe. Ndani ya udongo huo walilala wenyeji.

Ndivyo wafinyanzi walivyowaita. Walikuwa vyura, lakini si hawa vyura wa kila shimo. Mwenyeji alikuwa mdogo, anaenea kwenye kiganja cha mtoto, mgongo wake rangi ya udongo mbichi, na mstari mmoja wa rangi ya kaa la moto ulitoka puani hadi kiunoni. Mvua za kwanza zikinyesha walitoka wote mchana mmoja, wakalia kwa juma moja, wakazaa, wakala, wakarudi chini. Muda mwingine wote wa mwaka walikuwa wamelala, kila mmoja katika chumba chake, amejiviringisha kama ngumi. Hakuna aliyepata kuwaona mahali pengine.

Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha Kristina adabu ya mahali pale. Ukichimba, jembe lako likimgusa mwenyeji, unaacha. Unasema, "Samahani, mwenyeji, tunapita." Unamfunika kwa tope la mkononi mwako mwenyewe, ulilolilowesha kwa maji ya kibuyu chako, na pale alipolala hupachimbi tena mpaka mvua ipite. Kwa hiyo Kidimbwi cha kiangazi kilikuwa na mashimo na vinundu, mashimo na vinundu, na kila kinundu kilikuwa nyumba ya mtu. Wanawake sita walikuwa na haki ya kuchimba, kila mmoja na upande wake, na kila mmoja aliwajua wenyeji wake kama ajuavyo majirani.

Mwaka wa sabini na nne watu walikuja kuhesabu.

Kristina alikuwa bado anaishi kwake, mwendo wa saa mbili kutoka Kidimbwi, katika tembe, nyumba ya udongo aliyoijenga Paulo, nyuma ya boma lililozungushiwa minyaa. Walikuja watu watatu wenye viatu. Mmoja alishika daftari, mmoja alishika kipande cha mkaa, wa tatu alikuwa mgambo na alishika bunduki kama mtu asiyejua aiweke wapi. Walihesabu nyumba, wakahesabu maghala, wakahesabu ng'ombe saba. Yule wa mkaa akaandika namba mlangoni.

"Za nini?" Kristina aliuliza.

"Tunahesabu tu, mama," alisema yule wa daftari, kwa upole.

Baada ya majuma mawili lori lilikuja. Kila nyumba yenye namba ilibomolewa paa, na kila mtu mwenye namba alipakiwa na vyombo vyake na kupelekwa kijiji kipya kilichoitwa Umoja, karibu na Kidimbwi, ambako viwanja vilipimwa kwa kamba na nyumba zikasimama mstari baada ya mstari kama mahindi ya shamba la serikali. Waliambiwa watapata maji, shule na zahanati. Shule ilikuja, hilo hakuna aliyelikana. Lakini Paulo, aliyekuwa mgonjwa tayari, alikufa mvua ile ya kwanza, chini ya paa la nyasi ambazo hazijakauka, na Kristina alibaki na jambo moja kichwani ambalo hakuna mkutano wa kijiji uliolitoa. Kinachohesabiwa kinahamishwa. Tangu hapo alipofuga kuku hakujua ni wangapi, na balozi wa nyumba kumi alipomuuliza alisema, "Wapo."

Kosa lake la kwanza alilifanya mwezi wa tano mwaka sabini na sita. Kokila, mke wa Hirji mwenye duka la vitambaa mjini Singida, alimwagiza debe la udongo mbichi wa kukandika jiko. Siku ya kuchimba, lori la kwenda mjini lilikuwa linapiga honi barabarani. Kristina alichimba upesi, hakupapasa kila bonge kama ilivyompasa, akajaza debe akaondoka. Hakujua alichobeba.

Alikijua mwezi wa tisa, gari aina ya Landrova lilipoingia Umoja na kusimama mbele ya nyumba yake. Alishuka Ndugu Naftali, mwenyekiti wa kijiji, na nyuma yake kijana mrefu mwenye miwani.

"Shikamoo, mama," kijana alisema.

"Marahaba." Kristina alimtazama viatu.

"Mama Petro," alisema Naftali, "huyu ni Ndugu Zefania. Ametoka Dar es Salaam. Ni msomi wa wanyama."

"Ng'ombe wangu walichukuliwa."

"Si wa kufugwa, mama," alisema Zefania. Akaingiza mkono mkobani akatoa chupa. Ndani yake, katika maji yenye harufu ya chumba cha sindano, alielea mwenyeji. Miguu yake ya mbele ilikuwa juu kama mtu aliyeamriwa ainue mikono. Mstari wa kaa ulikuwa umefifia, umekuwa rangi ya chai ya maziwa. "Huyu unamfahamu?"

"Chura."

"Chura gani?"

"Chura. Kwani kwenu hawapo?"

Naftali alicheka. Zefania alitabasamu pia, lakini hakuondoa macho. "Mke wa Hirji alimkuta katika udongo uliompelekea. Hakutaka auawe, alimweka bakulini, akampa mwalimu wa sayansi, na mwalimu akamleta kwetu. Alifia njiani. Mama, tumepekua vitabu vyote. Chura huyu hajaandikwa popote. Inawezekana hapa kwenu ndipo mahali pekee duniani anapoishi. Nataka kujua wako wangapi. Nataka kuwahesabu tu."

Kristina alimkumbuka yule wa daftari. Upole ulikuwa uleule. Hata yale maneno hayakubadilishwa.

"Hawa ni vyura wa mvua," alisema. "Kiangazi hawapo."

"Ndiyo maana nimekuja kwa wafinyanzi. Ninyi ndio mnaochimba."

Naftali alimvuta Kristina pembeni, karibu na tanuri. "Mama Petro," alinong'ona, "mjibu vizuri, asije akasema tumemnyima ushirikiano. Lakini usimwambie mengi. Umenielewa?"

Hakumwelewa. Kwa nini mwenyekiti amlete mtu kwa gari, kisha aombe asiambiwe? Jibu alilipata muda mfupi baadaye, au alidhani amelipata, pale Naftali alipokwenda kusalimia nyumba ya pili na Zefania akabaki peke yake, akichuchumaa mbele ya mitungi yake na kuigonga kwa kidole, ngo, ngo, akiisikiliza.

"Mama, nitakuambia jambo," alisema bila kuinua kichwa. "Mwezi wa kumi na moja katapila linakuja. Kidimbwi kitachimbwa kiwe lambo la ng'ombe. Mwenyekiti wako amelihangaikia miaka miwili. Nikiwapata vyura hawa pale, hai, nitaandika barua, na lambo litapelekwa bonde jingine. Nisipowapata, sina la kusema. Nataka kuwalinda."

Hata mgambo walikuja kulinda, Kristina aliwaza. Na mtu anayekupa sababu kabla hujamuuliza, ameitayarisha tangu nyumbani. Aliwafikiria madalali wawili wa mnada wa ng'ombe, mmoja anasifu fahali wako, mwenzake anamponda, wanagombana mbele yako mpaka unamwuza kwa yule unayedhani yuko upande wako; kisha jioni unawakuta kwenye kibuyu kimoja cha pombe. Mwenyekiti anasema usimwambie. Kijana anasema niambie. Walikuja katika gari moja.

"Kidimbwi kina wenyewe sita," alisema mwisho. "Siwezi kukuonyesha shimo la mwanamke mwenzangu bila kumwambia. Nipe siku mbili."

Hilo lilikuwa kweli, na kijana aliliheshimu. Alisema atakwenda msitu wa Mgori kwa siku mbili, atarudi. Akamshukuru kwa mikono miwili.

Kristina hakuwaambia wanawake wengine. Alimwambia Martha tu, na kulipopambazuka walikuwa Kidimbwini na majembe, maji, punda wawili wa Martha, na mitungi kumi na mitatu: minane ya Kristina, mitano ya Martha.

Walifumua vinundu kimoja kimoja. Kila walipofika chumba walikuta mwenyeji amelala, ngozi yake imefunikwa na utando mkavu kama ganda la kitunguu. Walimnyanyua na bonge lake la udongo, wakamweka mtungini, wakamwagia tope. Kristina aliwaomba samahani wote, hata wale wa upande wa wanawake wengine, ambao hakuwa na haki hata ya kuwagusa.

"Kumi na mmoja," alisema Martha, akifuta jasho. "Kumi na wawili..."

"Usihesabu!"

Martha alishtuka, jembe likamponyoka. "Jamani! Nilidhani ni nyoka."

"Usihesabu, wifi. Weka tu."

Martha aliweka. Lakini kimya chake hakikudumu, hakikupata kudumu. "Na kama yule mtoto anasema kweli?"

"Nani aliyewahi kusema kweli akiwa ameshika daftari?"

"Ana macho ya mtu anayesema kweli."

"Ana miwani. Macho yake umeyaonea wapi?"

Walipomaliza, Kristina alikanda tope na majivu, akaziba midomo ya mitungi yote kama mtu azibavyo mbegu ili wadudu wasiingie. Aliziba vizuri. Alisugua kila kizibo kwa kokoto mpaka kikang'aa.

Mahali pa kuwapeleka alikuwa amekwisha kupaamua: kwake. Si Umoja, ila kwake, kwenye mahame, makazi waliyohamishwa, ambako nyuma ya boma palikuwa na shimo kubwa alikochimba Paulo udongo wa kujengea tembe, na ambalo miezi ya mvua lilijaa maji. Kurudi mahame lilikuwa kosa mbele ya serikali. Katikati ya njia walimkuta Damiani, mgambo, amekaa juu ya gogo anachonga mpini.

"Mama Petro, na mitungi yote hiyo, kulikoni? Mnahama?"

"Tukahamie wapi? Tunapeleka mbegu kwa jamaa."

Damiani aligonga mtungi wa kwanza. Haukulia kama mtungi wa mbegu. "Fungua."

Kristina hakusogea. Martha ndiye aliyechukua mtungi wake mmoja, akabandua kizibo kwa ukucha, akauinamisha. Tope jeusi lilionekana, na katikati yake kitu kama ngumi ndogo, ambacho, labda kwa mtikisiko wa safari, kilifumbua jicho moja la dhahabu.

Damiani alirudi nyuma hatua tatu.

"Si ulitaka kuona?" alisema Martha. "Kuna mwingine. Njoo utazame vizuri, uweke na mkono."

"Piteni," alisema Damiani. "Mimi sijaona mtu. Piteni, jamani, na mambo yenu."

Martha alirudishia kizibo, akacheka mpaka wakafika. Kristina hakucheka. Alikuwa hajaiona tembe yake kwa miaka miwili. Kuta zilikuwa zimeyeyuka hadi magotini, mlango wenye namba ulikwisha kubebwa, lakini minyaa ilikuwa hai na mirefu kuliko alivyoiacha. Walichimba ukingoni mwa shimo la Paulo, wakazika mitungi mpaka shingoni, na vizibo wakavifunika kwa vumbi jembamba. Kristina aliipanga mwenyewe, nafasi baina ya mmoja na mwingine zikiwa sawa, mitungi yake mistari miwili, ya Martha mstari mmoja.

Martha alisimama akatazama, mikono kiunoni. "Wifi," alisema, "umewapanga kama walivyotupanga sisi."

Kristina alichukua kamba za punda akaanza kuzikunja.

Zefania alirudi siku aliyosema. Alichimba Kidimbwini siku mbili, kwa mikono yake, ngozi ikamtoka viganjani. Wanawake wanne wenye mashimo walisimama ukingoni wakitazama vinundu vyao vilivyofumuliwa, kisha wakamtazama Kristina, wakanyamaza, kwa sababu mgeni alikuwepo. Siku ya pili alasiri Zefania alimwita. Alikuwa amekaa ndani ya shimo. Mbele yake palikuwa na chumba kitupu, kuta zake laini kama ndani ya yai, na chini alama ya mwili mdogo, hata vidole vilionekana.

"Mama. Hapa alikuwepo. Udongo bado una unyevu."

"Sisi ni wafinyanzi. Tunachimba kila siku."

"Vyumba thelathini na nane, mama. Vyote vitupu. Nani amewachukua?"

"Labda wamehama."

Kila mmoja alijua mwenzake anajua. Ukingoni Naftali alikuwa amesimama, mikono nyuma. Zefania alitoa daftari lake.

"Umeandika nini?" Kristina aliuliza alipomaliza.

"Nimeandika hawapo. Siwezi kuandika shimo. Nilihitaji mmoja tu aliye hai." Alifunga daftari, akapanda juu, akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Kama kuna siku utataka kuniambia kitu, mke wa Hirji ana anwani yangu."

Gari liliondoka. Kristina alirudi nyumbani na furaha aliyoificha kama mtu aliyeficha nyama. Amewashinda. Kwa mara ya kwanza daftari limeondoka Umoja likiwa tupu. Hata huzuni ya yule kijana aliitilia shaka. Alijiambia kuwa dalali anayekosa fahali hana budi kununa.

Jioni ile Naftali alikuja na kilo moja ya sukari, akaiweka mezani.

"Ya nini?"

"Asante tu, mama. Nilikuwa na wasiwasi sana na wewe. Nilisema, Mama Petro atatuharibia." Naftali alishusha pumzi. "Chura mmoja, mama! Ungemwonyesha chura mmoja tu, katapila lingepelekwa kijiji kingine, na mimi ningewaeleza nini wafugaji? Watoto wanakwenda na ng'ombe nusu siku kutafuta maji. Umetuokolea lambo."

Kristina aliitazama sukari.

Katapila lilikuja mwezi wa kumi na moja, rangi ya njano, likafanya kazi siku tatu. Udongo mweusi alioujua kwa vidole, uliopapaswa na mama mkwe wake na mama yake huyo kabla yake, ulisukumwa ukawa ukuta, ukachanganywa na mawe na mizizi. Watu walishangilia. Na lambo lilikuwa zuri; baadaye ng'ombe walikunywa, na Kristina mwenyewe aliteka pale. Lakini lilikuwa na kina kirefu na kingo za wima, na mvua zilipokuja, mchana ule ambao kwa miaka yote Kidimbwi kililia hadi mtu akapaza sauti kuongea na mwenzake, palisikika mvua tu.

Kesho yake alimfuata Martha. "Twende."

Walifika mahame adhuhuri, nguo zimewagandia mwilini. Shimo la Paulo lilikuwa limejaa. Kristina alikwenda moja kwa moja kwenye mitungi yake, akafuta tope shingoni mwa wa kwanza. Kizibo kilikuwa kilekile alichokisugua, kigumu kama kigae. Mvua haikukilainisha hata kidogo. Alikivunja kwa jiwe.

Walikuwa wameamka. Walikuwa wamesikia mvua, wakapanda juu, na wote walikuwa pale chini ya kizibo, wamebanana, vidole vimesukuma juu. Wamekufa, wamekakamaa kama ngozi ya kiatu cha zamani. Alivunja wa pili. Alivunja yote minane. Mitungi yake haikuwa imevuja, na haikuwa imeingiza maji wala hewa, kwa sababu ilifinyangwa na Kristina Alute.

Alikaa matopeni. Hapo ndipo aliposikia, kutoka ng'ambo ya shimo, kwenye majani, sauti kama mtu anayegonga kigae kwa ukucha. Tik. Tik-tik. Kisha ya pili ikajibu.

Walikwenda kwenye mstari wa Martha. Kati ya mitungi mitano, miwili ilikuwa mizima, na waliomo wamekufa vilevile; mitatu ilikuwa imepasuka, ufa kutoka shingoni hadi tumboni, tope limemwagika, na katika tope zilikuwepo nyayo ndogo zinazoelekea majini. Martha, ambaye maisha yake yote hakuacha nafasi ya utani ipite, alitazama mitungi yake mibovu, akamtazama wifi yake, akaufunga mdomo. Alichuchumaa kando yake, mabega yakagusana.

Walikaa mpaka mvua ikapungua na migongo ya rangi ya udongo ikaanza kuonekana ukingoni, kila mmoja na kaa lake. Kristina aliinuka. Penye lililokuwa jiko lake alifukua kipande cha mkaa, akaokota kigae cha mtungi wa Martha, akakikausha kwapani. Akasimama ukingoni mwa maji.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nyamaza, utanipoteza."

Alichora mstari mmoja. Akangoja. Akachora wa pili. Alizunguka shimo mara tatu ili asimchore mmoja mara mbili.

Siku ya Jumatano alikuwa dukani kwa Hirji, mjini. Kokila alimkalisha juu ya robota la khanga akampa chai.

"Mimi nasikitika sana, mama. Yule dudu yangu nakufa ndani ya gari. Mimi nampa mchicha kila siku."

"Hawali mchicha," alisema Kristina. "Nataka uniandikie barua kwa yule kijana wa miwani."

Kokila alileta karatasi na kalamu. "Sema."

"Sema, nilikudanganya."

Kokila alimtazama, akaandika.

"Sema, niliwaficha, na wengi nimewaua. Sema, Kidimbwi hakipo tena. Lakini wapo wengine, wako hai. Waliobaki wasihamishwe tena. Hilo aliandike yeye kwenye daftari lake, mapema, kabla mtu mwingine hajapataka mahali hapo."

"Mahali gani? Naandika jina?"

Kristina alitazama mlangoni. Nje watu walikuwa wakipita, na mmoja wao alikuwa na viatu vizuri. "Usiandike mahali. Andika aje kwangu, nitampeleka kwa miguu. Aje peke yake. Asipitie kwa mwenyekiti."

"Yeye atauliza, iko ngapi."

Kristina alifungua pindo la khanga, akaweka kigae juu ya meza, katikati ya vitambaa. Kokila aliinama, akapitisha kidole juu ya mistari ya mkaa.

"Tisa."

"Hesabu tena," alisema Kristina.

Kokila alihesabu tena. Ilikuwa tisa. Aliandika, akasoma barua yote kwa sauti, na Kristina akataka isomwe mara ya pili, na ya tatu, akisikiliza kama kuna neno lililoongezwa. Kisha waliipeleka posta wao wawili, ikagongwa muhuri.

Kokila alimwambia arudi dukani apumzike, lori la Mgori bado. Kristina alikataa. Alikaa barazani pa posta, kigae mapajani, akatazama mlango wa nyuma mpaka gari la barua lilipokuja, ili aone kwa macho yake kama kweli wanaipakia.